NANI ALIPE EKSELI ILIYOVUNJIKA?



Kila mwaka masika yaingiapo, tangu mwisho wa Machi hata Juni, na Mei ukiwa ndio mwezi wa mvua kubwa hapa pwani ya kusini, hupokea malalamiko ya namna moja sisi wa chama. Dereva wa tipa ametumwa kupeleka mchanga au mawe mahali ambapo njia imeoza. Lori limekwama. Dereva amejaribu kulitoa, na katika kujaribu, hafushafti imekatika au difu imepasuka. Jioni tajiri amepiga hesabu yake, na mwisho wa mwezi dereva anakatwa mshahara, na mwezi wa pili anakatwa tena, mpaka bei ya difu ikamilike. Utingo naye huambiwa akae nyumbani hata lori litengenezwe, yaani akae na njaa.

Malalamiko haya yana jibu la fundi na yana jibu la sheria. Twataka kuyaandika yote mawili katika karatasi hii, kwa maana mwenye kujua moja bila ya jingine hushindwa mbele ya tajiri. Akijua sheria tu, huambiwa kwamba hajui lori. Akijua lori tu, hutia sahihi karatasi ya kukatwa kwa kuwa hajui kwamba angeweza kukataa.

Neno letu ni hili. Ekseli ikivunjika matopeni kwa sababu dereva hakufundishwa kutumia kufuli ya difu, au kwa sababu kufuli yenyewe ilikuwa mbovu, hasara hiyo ni ya mwenye lori, si ya mfanyi kazi. Na liko neno la pili, ambalo ni juu ya madereva wenyewe: aliyefundishwa kazi na akapewa chombo kizima, yampasa akitumie kama alivyofundishwa. Haki na kazi huenda pamoja.

NJIA ZETU ZILIVYO

Barabara kubwa ya Likoni hata Lunga Lunga ina lami. Apitaye Tiwi, Ukunda na Msambweni juu ya lami hana haja ya kufuli yoyote. Lakini mzigo hautoki kwenye lami wala haushushwi kwenye lami. Mawe ya matumbawe hutoka machimboni, mchanga hutoka mashimoni, miwa hutoka mashambani upande wa Ramisi. Na anayejenga nyumba au hoteli Diani hataki mchanga wake umwagwe njiani. Ataka uletwe hata mlangoni, kwenye kichochoro ambacho jana kilipitiwa na baiskeli na punda tu.

Na udongo wetu si mmoja. Karibu na bahari ni mchanga na mawe ya matumbawe. Mchanga mkavu hukimbia chini ya tairi, na wengi wetu twajua kwamba mchanga ulionyeshewa kidogo hushika kuliko mkavu. Ukipanda kidogo wakuta udongo mwekundu wenye mchanga, ambao hukatika mifereji mvua ikipita. Na ukivuka vilima vya Shimba kuelekea Kinango, wakuta udongo mzito wa mfinyanzi, ambao kiangazi ni mgumu kama tofali na masika ni sabuni. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na za mwaka 2023 zilitufunza kwamba njia inayopitika leo yaweza kuwa mto kesho.

Twakumbuka pia kazi ya madini ya titani kule Maumba na Nguluku, iliyoanza kutoa madini mwisho wa mwaka 2013 ikafunga machimbo Desemba 2024. Madini yale yalichukuliwa kwa malori mpaka bandari yake ya Likoni, na barabara ya kuingilia machimbo ilijengwa kwa ajili ya kazi ile. Twaitaja kwa sababu yaonyesha jambo moja: mwenye mali akitaka malori yapite masika na kiangazi, hutengeneza njia kwanza. Tipa ya kukodi haina njia yake. Hupelekwa penye ng'ombe, kisha ikikwama huulizwa dereva.

DIFU HUFANYA NINI

Difu si chombo kipya. Mfaransa Onésiphore Pecqueur aliibuni katika miaka ya 1820, kwa ajili ya magari ya mvuke, na maana yake ni nyepesi. Gari likipinda kona, gurudumu la nje husafiri safari ndefu kuliko la ndani. Lori ambalo magurudumu yake ya kushoto na ya kulia yameachana kama mita 2, likipinda kona ya robo duara, gurudumu la nje husafiri karibu mita 3 zaidi ya mwenziwe. Kama magurudumu yote mawili yangefungwa kwenye chuma kimoja, moja lingeburutwa, tairi ingeliwa na chuma kingesokoteka. Difu ndiyo iruhusuyo moja kwenda mbio na jingine polepole.

Walakini difu ina tabia moja inayotutesa masika. Hugawa nguvu sawa kwa sawa, kulia na kushoto, na haiwezi kumpa mmoja zaidi ya mwenziwe. Tuseme gurudumu la kushoto limo katika utelezi, na utelezi ule waweza kuhimili msukumo wa kilo 100 tu kabla tairi haijateleza. La kulia liko juu ya jiwe, nalo lingeweza kuhimili kilo 2,000. Difu itampa wa kushoto 100, na wa kulia itampa 100 vile vile. Jumla ni 200, na lori lililoshiba mzigo halitoki kwa 200. Hii ndiyo sababu gurudumu moja huzunguka kama feni na jingine limesimama tuli, na watu wakitazama husema dereva hajui kazi.

Kufuli ya difu, tuitayo difuloki, huunganisha pande mbili zizunguke pamoja. Sasa wa kushoto asukuma kwa 100 zake na wa kulia kwa 2,000 zake, na lori hutoka. Hapana uchawi. Lakini tazameni pia upande wa hatari: nguvu ambayo jana iligawanywa kwa hafushafti mbili, leo karibu yote yapita katika hafushafti moja. Dereva akikanyaga mafuta kwa hasira, katika gia ya kwanza, lori likiwa limejaa, chuma kile chabeba zaidi ya kawaida yake. Ndipo husikika mlio ule ambao kila makanika wa Ukunda aujua.

Malori yetu makubwa yenye ekseli mbili za nyuma zinazovuta yana difu tatu: moja katika kila ekseli, na ya tatu katikati, inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma yake. Kama hakuna iliyofungwa, gurudumu moja tu likiteleza kati ya manne, yote yamepoteza nguvu. Ukifunga ile ya katikati, lori halikwami ila kila ekseli iwe na gurudumu linaloteleza. Ukifunga na za kulia na kushoto, magurudumu yote ya nyuma hukanyaga pamoja. Kwa hiyo kufuli si moja, na kila moja ina wakati wake.

DEREVA AJUE HAYA

Haya tuliyoyakusanya ndiyo wanayoyasema mafundi na wanayoyakubali madereva wa siku nyingi. Lori lako likiwa na kitabu chake, kitabu kitangulie, kwa maana malori si sawasawa.

1. Funga kabla ya kuingia matopeni, usingoje mpaka umekwama. Tazama njia, simama, funga, kisha ingia. Anayengoja mpaka tairi imezama amekwisha chelewa.

2. Usifunge kamwe gurudumu likiwa linazunguka. Ndani ya kufuli jino huingia katika jino. Upande mmoja ukienda mbio na mwingine umesimama, meno hugongana na kukatika. Ondoa mguu kwenye mafuta, gurudumu litulie, lori lisimame au liende mwendo wa mtu anayetembea, kisha ndipo ubonyeze.

3. Anza na ile ya katikati. Za kulia na kushoto fuatisha tu kama haja ipo. Katika malori mengine zote zimo katika swichi moja inayozungushwa hatua kwa hatua. Hapo fuata hatua zake.

4. Tazama upepo. Katika malori mengi kufuli hushikwa na upepo ule ule wa tangi za breki. Asubuhi tangi hazijajaa, kufuli yaweza isishike, nawe ukadhani imeshika.

5. Nenda moja kwa moja, polepole, mguu wa mafuta ukiwa mwepesi. Kufuli ikiwa imeshika, usukani huwa mzito na mdomo wa lori hutaka kwenda mbele tu. Ukilazimisha kona, lori laweza kukupeleka mtaroni, au chuma kisokoteke.

6. Usishuke mteremko wenye utelezi na difu imefungwa. Nyuma husukuma mbele, usukani hautii, na lenye trela laweza kujikunja.

7. Ukifika penye udongo mgumu, fungua papo hapo. Ondoa mguu kwenye mafuta, zima swichi, nenda mbele polepole. Wakati mwingine taa hukataa kuzimika kwa kuwa chuma bado kimekaza. Rudi nyuma kidogo, cheza usukani kidogo kushoto na kulia, itaachia. Usiamini swichi, amini taa. Usiingie lami na taa ikiwaka.

8. Tairi ikizunguka na lori halisogei, acha. Kila mzunguko ni jembe. Hata difu ya katikati huungua kwa muda mfupi ekseli moja ikizunguka na nyingine imesimama, kwa maana mafuta yake hurushwa nje ya meno yanayoyahitaji. Na lori likiisha kulala kwa tumbo, difu imekaa juu ya udongo, hapana kufuli itakayolinyanyua. Hapo ni kazi ya sepetu, mawe, makuti na makumbi ya nazi, au ni kazi ya kupakua mzigo.

Twajua wapo wasemao, "Sisi twaendesha miaka ishirini bila ya karatasi hizi." Ni vyema, ndugu. Basi msomeeni kijana aliyeanza mwaka huu.

UTINGO NI MTU

Twasema juu ya vyuma, lakini chuma hununuliwa. Katika lori lililokwama mwenye hatari kubwa si dereva aliyeko juu, ni utingo aliyeko chini. Ndiye achimbuaye mbele ya tairi, ndiye atiaye makumbi na mawe, mara nyingi injini ikinguruma na dereva akiwa na haraka. Tairi inayozunguka hurusha jiwe kama kombeo. Na lori lenye kufuli lina hatari yake zaidi: lilikuwa limesimama, mara magurudumu yote yashika pamoja, nalo laruka mbele. Aliyekuwa ameinama hana nafasi ya kukimbia.

Kwa hiyo twataka iwe sheria kati yetu, hata kama tajiri hajaiandika. Dereva asiguse mafuta mpaka amwone utingo kwa macho yake, mbele na kando, mbali na njia ya lori, mikono yake ikionekana. Kusikia sauti haitoshi, kwa maana sauti hupotea katika ngurumo. Kamba au waya wa kuvutia ukikazwa, watu wote wasimame mbali kuliko urefu wake, kwa maana ukikatika hurudi kama mjeledi na hukata mtu. Na bodi ya tipa isinyanyuliwe penye udongo laini au ulioinama upande, ati ili uzito uende nyuma. Tipa iliyonyanyua bodi ni kama mtu aliyebeba gunia kichwani akasimama kwa mguu mmoja.

SHERIA YASEMAJE

Sasa turudi kwenye mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaeleza ni fedha gani tajiri aweza kukata. Juu ya mali iliyoharibika, yasema aweza kukata kiasi cha haki kwa hasara iliyoletwa na kosa la kusudi la mfanyi kazi. Shikeni maneno hayo: kosa la kusudi. Haisemi hasara yoyote, wala haisemi bahati mbaya, wala haisemi kutojua. Na hata makato ya halali yote yakiwekwa pamoja, hayaruhusiwi kupita theluthi mbili za mshahara.

Basi twauliza. Dereva aliyeagizwa na nyapara kwenda penye matope, akaenda, akatumia chombo ambacho hakuna aliyemfundisha, kusudi lake liko wapi? Na dereva aliyebonyeza swichi isiyofanya kazi, kwa kuwa mpira wa upepo ulikatika mwaka jana na gereji ikauziba tu, kusudi lake liko wapi? Kama yuko aliyefanya kusudi, ni yule aliyejua kwamba kufuli ni mbovu akalituma lori.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2007, yamwamuru mwenye kazi kuwapa wafanyi kazi habari, maagizo, mafunzo na uangalizi unaohitajika kwa usalama wao. Mafunzo si zawadi, ni wajibu. Kifungu cha 14 chamtaka mfanyi kazi amwarifu msimamizi wake kila aonapo hatari kubwa iliyo karibu, na chasema mwenye kazi asimlazimishe kurudi mahali pale hatari ikiwa bado ipo. Sheria hiyo hiyo yakataza kumfukuza au kumwonea mtu kwa sababu tu alilalamika juu ya usalama. Na anayeumia kazini analo jambo la kudai chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo yamtaka tajiri awe amewakatia bima watu wake. Utingo asidhani kwamba hana haki kwa sababu hana barua ya kazi: mapatano ya mdomo pia ni mapatano mbele ya sheria ya ajira.

Na tajiri akitaka kukufukuza kwa kosa, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira chamlazimu akueleze kosa lako kwa lugha unayoifahamu, na akusikilize, nawe una haki ya kuwa na mwenzako wa kazini au mjumbe wa chama karibu nawe. Usiingie ofisini peke yako. Usitie sahihi karatasi ambayo hukuielewa. Sema tu: "Bwana, namwita mjumbe wangu kwanza."

MATAJIRI WASEMAVYO

Hatutaki kusema upande mmoja. Matajiri wengi hapa si matajiri wa kweli. Ni watu wenye lori moja au mawili, tena ya mkopo, na difu ikipasuka hulala bila usingizi kama dereva. Twayajua hayo. Tusikilize hoja zao.

Wasema kwanza: "Wazee wenu waliendesha Bedford bila difuloki, na mzigo ulifika." Ni kweli ulifika. Lakini Bedford zile zilikuwa za tani 5 au 7. Lori la ekseli 3 la leo, kwa mujibu wa sheria ya uzito ya Afrika ya Mashariki, laruhusiwa kufikia tani 26 pamoja na mzigo wake, nanyi mwajua kwamba wako wanaotaka lipite hapo. Na wazee wale njia ikioza walilala njiani siku mbili, na hakuna aliyewapigia simu kila nusu saa.

Wasema pili: "Madereva wenyewe huharibu. Hufunga difu wakaisahau, wakaingia nayo lami mpaka Ukunda." Hili nalo ni kweli, wapo wafanyao hivyo, na chama hakitamtetea aliyefundishwa, akaonyeshwa taa, kisha akaidharau kwa makusudi. Lakini dawa ya ujinga ni mafunzo. Kukata mshahara hakujamfundisha mtu kusoma taa. Humfundisha kuficha tu: difu huanza kulia, dereva akaogopa kusema, na ufa mdogo uliokuwa wa kutengenezwa kwa bei ndogo ukawa difu nzima.

Wasema tatu, na hii ndiyo wanayoipenda: "Matope ni kazi ya Mungu. Chombo cha kuzama hakina usukani." Mithali ni nzuri, lakini si ya hapa. Mvua ni ya Mungu, lakini tripu ni ya tajiri. Nani aliyesema lazima mchanga ufike leo? Nani aliyepanga malipo kwa tripu, hata dereva anayerudi kwa usalama na mzigo wake awe ndiye aliyekosa chakula? Malipo kwa tripu huvunja ekseli nyingi kuliko mvua. Mtu aliyelipwa siku yake hutazama dimbwi akashuka, akapima kwa fimbo, akarudi. Mtu wa tripu hufunga macho akaingia.

TUNAYOYATAKA

Basi twawaomba wajumbe wa kila kituo wayachukue mambo haya sita kwa wenye malori kabla ya masika, wala wasingoje mpaka lori limekwama.

Kwanza, kila dereva apewe siku moja ya mafunzo ya kufuli katika lori lile lile atakaloliendesha, naye alipwe siku hiyo. Leseni yasema mtu ajua kuendesha lori. Haisemi kwamba anaijua kila swichi ya kila lori. Utingo awepo pia.

Pili, kufuli zikaguliwe na makanika kabla ya mvua: upepo, mipira yake, swichi na taa. Matokeo yaandikwe katika daftari la lori. Lori ambalo kufuli yake ni mbovu lifanye kazi za lami mpaka litengenezwe.

Tatu, maagizo mafupi ya kufuli, kwa Kiswahili, yabandikwe mbele ya dereva. Kitabu kilichofungiwa kabatini, tena kwa lugha ya kigeni, hakimsaidii mtu aliye matopeni.

Nne, dereva awe na ruhusa ya kurudi. Akiona njia haipitiki apige simu, aseme, arudi, na tripu ile ihesabiwe.

Tano, kila lori liwe na sepetu, mbao mbili nene na kamba nzima. Utingo apewe viatu vya kazi na glavu. Hatuoni haya kuvitaja vitu vidogo kama hivi, kwa maana ndivyo vinavyokosekana.

Sita, hakuna makato ya mshahara kwa ekseli, difu au hafushafti mpaka jambo lizungumzwe mbele ya mjumbe wa chama na fundi aliyekiona chuma chenyewe. Fundi mzuri akikitazama chuma kilichokatika aweza kueleza mengi: kama kilikatika ghafla, au kilikuwa na ufa wa zamani wenye kutu ndani yake. Mara nyingi kutu ile ndiyo shahidi wa dereva. Kwa hiyo, ndugu, ekseli ikivunjika usikubali chuma kitupwe au kiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu siku ile ile. Kipige picha, andika saa na mahali, andika nani alikutuma, na mwite mjumbe.

Hakuna katika haya lililo ghali kuliko difu moja. Mwenye lori akipiga hesabu kwa utulivu ataona kwamba twamwokolea mali yake. Na kama hataki kusikia kwa upole, sheria tumeitaja hapo juu, ofisi ya kazi ipo, na mahakama ya kazi ipo.

Kwenu madereva twarudia: jifunzeni kufuli, kila mmoja katika lori lake, lori likiwa tupu na jua likiwaka, si usiku wa mvua na tani 15 za mchanga nyuma yenu. Anayejua chombo chake hasumbuki kujieleza. Na kwenu matingo: msikubali kuinama mbele ya tairi mpaka dereva ameshusha mguu na mmetazamana.

Ukiisha kusoma karatasi hii usiifungie maandazi. Mpe mwenzako aliye nyuma yako kwenye foleni ya machimbo, na asiyejua kusoma asomewe.